Mheshimiwa, nani atabadilisha mpira wa pampu?

Pampu ya mkono aina ya Afridev inatumika Malawi, Msumbiji, Ethiopia, Pakistan na nchi nyingine nyingi. Michoro yake haina hakimiliki, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza bila kumlipa mtu. Jambo ambalo watoto wetu hawafundishwi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuijaribu pampu hiyo, kuiona ikivunjika, kuirekebisha na kuijaribu tena, ilifanywa hapa Kwale, katika vijiji vya Diani na Msambweni, kuanzia mwaka 1983.

Mimi ni mhandisi wa maji na mzaliwa wa Msambweni. Nayasema haya sasa kwa sababu wanaotaka kura zetu Agosti 2027 wameshaanza kuzunguka, na barazani ahadi ni zile zile: tutachimba kisima, tutajenga zahanati, tutaleta lami. Sijamsikia hata mmoja akisema atatunza kilichopo. Nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na nina yakini kwamba shida yetu kubwa ya maji Pwani ya Kusini imekaa hapo hapo, pale ambapo hakuna mgombea anayepataja.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa mwongo wa maji safi, na visima vilichimbwa kila pembe ya Afrika. Pampu nyingi za wakati ule zilikuwa za chuma tupu. Mpira mdogo ukichakaa chini kisimani, ilibidi mabomba yote yang'olewe, moja baada ya jingine, mazito na yenye kutu, kwa mtambo wa miguu mitatu na kundi la mafundi waliotumwa na gari kutoka mjini. Mara nyingi gari halikufika. Wanakijiji walirudi kwenye kidimbwi huku pampu imesimama, na kwenye ripoti kijiji hicho kilihesabiwa kuwa kimepata maji.

Mradi wa kujaribu pampu wa UNDP na Benki ya Dunia ulipofika Pwani ya Kusini, Waswidi kupitia shirika lao la misaada la Sida walitoa fedha, na shirika la Kenya la KWAHO likashika kazi ya kukaa na wanavijiji. Muundo ulioanzia Malawi ukaendelezwa hapa kwetu. Swali lililoongoza kazi nzima lilikuwa la utunzaji: je, fundi wa kijijini mwenye spana moja ataweza kuifungua pampu hii, kuitengeneza na kuifunga siku hiyo hiyo? Kipande kilichoshindwa mtihani huo kilibadilishwa. Mabomba ya chuma yakaondoka, yakaja ya plastiki yasiyoshika kutu. Fimbo zikaundwa zishikane kwa ndoana, uzitenganishe kwa mkono. Pistoni ikafanywa nyembamba ya kupita ndani ya bomba, ili ivutwe juu bila bomba lenyewe kuguswa. Beringi za mpini zikawa za plastiki ngumu. Na waliofundishwa kuzitengeneza wakawa akina mama, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakibeba maji na ndio walioumia pampu ilipokufa.

Mmoja wao yungali akifanya kazi hiyo. Nilimkuta nyuma ya Milalani, leso kiunoni, amekaa kwenye sakafu ya saruji kando ya pampu, huku wasichana wameipanga mitungi yao kwa foleni kwenye kivuli cha mwembe. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, kwa kusuasua. Akafungua kifuniko cha kichwa cha pampu, akatoa mpini, kisha akaanza kuvuta fimbo. "Shika hapa, mwanangu, usiiachie," akaniambia, nami nikashika. Fimbo zikatoka moja moja, zikilowa, akizilaza juu ya majani ya mnazi zisiguse mchanga. Ya mwisho ilipotoka alichomoa mpira wa pistoni, akaupitisha kidoleni, akanionyesha ulivyoliwa upande mmoja. "Huu ndio unaokula maji. Ukiisha, mtu anapiga mpini mpaka bega linamuuma na ndoo haijai." Akautoa mpya kwenye pindo la leso, akaulowesha, akauvika mahali pake. Adhana ya adhuhuri haikutukuta pale. Wasichana walikuwa wameshaondoka na maji yao.

Tazama kilichomo ndani ya kazi hiyo fupi. Msambweni ni eneo ambalo watafiti wamekuwa wakichunguza kichocho tangu miaka ya 80, katika vijiji kama Milalani na Nganja, kwa sababu watoto wetu walikuwa wakikojoa damu na wengine wanakojoa damu hadi leo. Kichocho kinakaa kwenye konokono wa vidimbwi. Dawa za shuleni zinaua minyoo iliyo mwilini, lakini mtoto akirudi kuteka maji na kuogelea kidimbwini anaupata ugonjwa upya. Kwa hiyo pampu inapolala kwa wiki tatu kwa sababu ya mpira unaoenea kwenye kiganja, hizo ni wiki tatu za ugonjwa. Kila daktari wa Msambweni analijua hilo. Afisa wa bajeti angelijua pia, huenda angeandika hesabu zake kwa namna nyingine.

Mradi ule wa wafadhili ulifikia mwisho wake miaka ya 90, ukiacha mamia ya pampu ardhini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipozifuatilia baadaye walikuta nyingi bado zinatoa maji baada ya zaidi ya miaka 20, jambo ambalo ni nadra popote Afrika. Walikuta pia zilizokufa. Kisima cha maji ya chumvi kiliachwa mapema, kisima kirefu kilichosha watu, na pampu iliyo mbali na duka la vipuri ilikaa bila kutengenezwa. Lakini pale ambapo kamati ilichangisha ada kila mwezi na kuiandika, pampu iliishi zaidi. Wazee wetu walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeyaona madaftari hayo, ya mistari, yenye jalada lililotatuka, jina la kila nyumba na shilingi zake. Nimeona pia vijiji ambako daftari lilipotea na mweka hazina akahama, na hapo hakuna aliyekubali kuchanga tena.

Kuna jaribio moja ambalo lingepaswa kuwekwa mezani mwa kila mwakilishi wadi wa kaunti hii. Mwaka 2013, huko Kyuso katika Kaunti ya Kitui, watafiti hao hao waliweka ndani ya mipini ya pampu kifaa kidogo kinachohesabu jinsi mpini unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma ujumbe kwa njia ya simu. Mpini ukitulia isivyo kawaida, fundi anajua bila kuitwa, anapanda pikipiki, anakwenda. Wastani wa muda wa kutengeneza pampu iliyoharibika ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Huduma ya namna hiyo, iitwayo FundiFix, ikaanzishwa Kitui na hapa Kwale. Wanakijiji wanalipa kiasi kidogo kila mwezi, na mkataba unamdai fundi maji yatoke. Hakuna aliyegundua pampu mpya. Kilichobadilika ni nani anaamka asubuhi akiwa na wajibu wa pampu ile.

Sasa tuje kwenye siasa. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti huduma za maji, na nitakuwa mwongo nikisema ugatuzi haukutufaa. Kabla ya 2013 uamuzi wa kisima cha Lunga Lunga au Kinango ulifanywa mbali sana na Lunga Lunga na Kinango. Leo mama wa Mwangulu anamjua kwa jina mtu wa kumuuliza. Chini ya Gavana Salim Mvurya, na tangu 2022 chini ya Gavana Fatuma Achani, Kwale imejengwa: hospitali, madarasa ya chekechea, mabwawa, mabomba. Pampu nyingi za mkono zinabadilishwa kuwa za sola, zenye tangi juu na mifereji chini. Mimi mwenyewe nimechora baadhi ya miradi ya namna hiyo na ninaamini ndio mwelekeo sahihi. Hakuna sababu msichana wa leo apige mpini kama bibi yake.

Lakini mradi wa sola una vitu vingi zaidi vya kuharibika kuliko pampu ya mpini, na spana moja haitoshi. Nilialikwa kwenye ufunguzi wa kisima kimoja cha sola, mahali nisipopataja. Kulikuwa na hema nyeupe, viti vilivyovikwa vitambaa, spika mbili kubwa, na wachezaji wa sengenya waliotoka mbali. Utepe ulikatwa, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele kwa furaha ya kweli, nami nilipiga makofi. Ukutani pakabandikwa bamba la jiwe lenye majina ya viongozi. Masika ya mwaka uliofuata radi ilipiga, ikaunguza kidhibiti, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa sola kwenda kwenye mota chini kisimani. Muda wa mkandarasi kuwajibikia kasoro ulikuwa umeisha. Kifaa hakikuwepo stoo. Watu wakarudi kununua maji ya mkokoteni, kwa mtungi, huku tangi tupu likiwaangalia kutoka juu.

Nilikwenda kwenye ofisi moja kuuliza. Afisa aliyenipokea ni mtu mwema, na alinijibu bila kuficha: "Injinia, pesa ya mradi mpya naweza kuiombea. Ya kurekebisha haina kifungu." Sikumkasirikia, maana nilijua anasema kweli.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni la hesabu na hesabu ndizo zinazotuumiza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Nia ni njema, kuzuia pesa zote zisiishie kwenye mishahara na safari. Lakini katika vitabu vya uhasibu, kujenga kunaitwa maendeleo, na kurekebisha kunawekwa kwenye matumizi ya kawaida, pamoja na mishahara, mafuta ya magari na chai ya mikutano. Mapato yakipungua, au Nairobi ikichelewesha mgao, kinachokatwa kwanza ni kile kisicho na mtu wa kukilalamikia. Mshahara una mwenyewe, na mradi mpya una mheshimiwa aliyeuahidi. Kidhibiti kilichoungua hakina wa kukisemea. Kwa hiyo sheria ile ile iliyotungwa kulinda maendeleo inamsukuma afisa mwema kuchimba kisima cha pili hatua chache kutoka kisima kilicholala, kwa sababu cha pili kina kifungu.

Na ardhi yetu haivumilii mchezo huo. Ukanda wa Diani, Tiwi hadi Msambweni umekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu, linalopitisha maji upesi. Ndio maana visima vya Tiwi vinaweza kuinywesha Likoni na Pwani ya Kusini. Ndio maana pia uchafu wa choo cha shimo unaweza kufika kisimani haraka, na ukivuta maji kupita kiasi karibu na ufuo, chumvi ya bahari inapanda. Wenyeji wa Diani hawahitaji mhandisi wa kuwaambia hivyo, wameionja. Kila kisima kipya kisichopangwa ni mrija mwingine kwenye tungi moja.

Barabara zimepata ulinzi ambao maji hayana. Ukinunua petroli Ukunda leo, shilingi 25 za kila lita zinakwenda kwenye mfuko wa kutunza barabara. Zilikuwa 18 hadi Julai 2024. Sheria ilipitishwa tangu 1993, kwa sababu nchi ilitambua kwamba lami isiyotunzwa inaoza na kuijenga upya ni ghali mno. Mfuko huo una thamani kiasi kwamba magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kugombania nani ausimamie. Natamani siku wagombanie namna hiyo mfuko wa kutunza visima.

Nimeketi kwenye semina za Nairobi nikasikia jibu jepesi la haya yote: watu wa Pwani hawana utamaduni wa kutunza. Limesemwa mbele yangu kwa heshima na limesemwa bila heshima. Ni uongo, na unaniuma.

Nenda Kaya Kinondo, mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani. Ni msitu wa hekta 30 hivi, mmoja kati ya makaya matakatifu ya Wamijikenda yaliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Umezungukwa na ardhi ambayo ekari yake wawekezaji wanaililia usiku na mchana, na bado umesimama. Unaingia ukiwa umejifunga kaniki nyeusi, hukati mti, huokoti hata tawi kavu ukatoka nalo. Wazee wameulinda kizazi baada ya kizazi, bila kifungu cha bajeti, kwa amri ambayo kila Mdigo aliyelelewa hapa anaijua. Ukishuka hadi mlango wa mto pale Diani utaona Msikiti wa Kongo chini ya mibuyu, wa mawe ya matumbawe, wa karne nyingi zilizopita, na watu bado wanaswali ndani yake. Simama ufuoni Gazi jioni: mvuvi amevuta chombo mchangani, anakikalafati kwa pamba, anakipaka mafuta ya sifa. Hangoji kivuje akiwa nje ya mwamba.

Na Gazi hiyo hiyo ina somo kubwa kuliko yote. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaulinda msitu wa mikoko wa hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo inauzwa kwa wanunuzi wa nje. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Pesa zinazoingia, wanakijiji wenyewe wanaamua zitumike vipi, na wameziweka kwenye maji na shule. Angalia malipo yenyewe yalivyopangwa: hakuna anayelipwa kwa sababu alikata utepe wa mikoko. Wanalipwa kwa sababu miti iliyokuwepo mwaka jana bado ipo mwaka huu, imepimwa na kuhesabiwa. Mkikata, hampati. Watu wale wale wanaosemwa hawatunzi wametunza, kwa kuwa kutunza kumepewa thamani na wao wamepewa mamlaka juu ya matunda yake.

Kwa hiyo utamaduni tunao. Tulichokosa ni serikali iliyojengwa juu ya utamaduni huo. Mkandarasi wa kisima analipwa kwa kuchimba, akishachimba kaondoka. Mheshimiwa anapigiwa kura kwa kufungua, akishafungua kaondoka. Mhandisi kama mimi anapandishwa cheo kwa miradi aliyoikamilisha, wala hakuna fomu inayouliza ile ya miaka mitano iliyopita iko hali gani. Kila mtu kwenye mnyororo huu anatuzwa siku ya kwanza, na mama mwenye mtungi ndiye anayebaki na siku zote zinazofuata.

Pwani tumelipia ukosefu wa uangalizi kwa roho za watu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama kikaua watu 272, kikiwa kimejaa kupita kiasi. Septemba 2019 gari liliteleza kwa nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya Likoni, likazama na mama na binti yake mdogo, na nchi ilisubiri siku 13 kabla ya kupatikana. Mjadala uliofuata ulikuwa wa feri mpya na daraja jipya. Sasa tuna njia ya Dongo Kundu na daraja la Mteza, na mtu anaweza kutoka Kwale hadi Miritini bila kupanda feri. Nashukuru, ni kazi kubwa ya uhandisi. Lakini maelfu bado wanavuka Likoni kila siku, na usalama wao unategemea bawaba za milango ya feri na grisi, na mtu anayezikagua alfajiri. Daraja la Mteza nalo limekaa juu ya maji ya chumvi yanayokula chuma usiku na mchana. Miaka 20 ijayo tutajua kama kuna aliyekuwa akilikagua.

Mgodi nao unaleta swali hilo hilo. Mchanga wa titani wa Nguluku na Maumba ulianza kusafirishwa nje mapema 2014, na Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ikamaliza kuchimba. Sheria ya Madini ya 2016 iliipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10, lakini miaka ilipita bila mgao wa jamii kutoka. Mgodi umefungwa. Bwawa la Mukurumudzi lililojengwa kwa ajili yake bado lipo, na bwawa lina ukuta, lina mlango wa kutolea mafuriko, lina matope yanayojaa chini; ni kitu cha kutunzwa kila mwaka. Ninataka kujua nani atakuwa fundi wake mwaka 2040, na atalipwa kutoka wapi. Nataka kulijua hilo kabla hatujaanza kuvutana juu ya Mlima Mrima, ambao una niobi na madini adimu ambayo wageni wengi wanayatolea macho, ambao pia ni kaya. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa mwaka 2013, na kesi yao ya kimataifa ikatupiliwa mbali 2018. Watarudi wengine. Wakija, jambo la kwanza kuwekwa kwenye mkataba liwe utunzaji wa kile kitakachobaki, uwe na fedha zilizotengwa pembeni tangu siku ya kwanza, kabla hata tingatinga halijashuka kwenye lori.

Ninachoomba kwa kaunti kinatekelezeka ndani ya mwaka mmoja. Bajeti ya maji iwe na kifungu cha utunzaji chenye jina lake, kisichoweza kuhamishwa bila bunge la kaunti kupiga kura hadharani. Kandarasi ya kisima cha sola isiishe siku ya ufunguzi. Sehemu ya malipo ishikiliwe, ilipwe kidogo kidogo kwa miaka mitano kwa kadiri maji yanavyotoka, kama Gazi inavyolipwa kwa mikoko iliyosimama. Na pale kwenye bamba la jiwe, chini ya majina ya waheshimiwa, iandikwe namba ya simu ya fundi. Wahandisi wenzangu wa kaunti na wa mashirika wanajua kwamba hakuna hapa kitu cha kiteknolojia kinachotushinda. Tukatae kutia saini michoro ya mradi usio na mpango wa utunzaji. Saini yetu ina uzito wa kisheria, tuutumie.

Nawe msomaji wa Ukunda, Vanga, Shimba Hills au Kinango, sheria inaitaka kaunti ipeleke makadirio ya bajeti kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo ni lazima wananchi wasikilizwe. Mikutano hiyo hufanyika kwenye kumbi za wadi na chini ya miembe, na mara nyingi viti vya nyuma huwa vitupu. Nenda. Chukua orodha ya visima vya kijiji chako, uandike kipi kinatoa maji na kipi kimelala na tangu lini. Mgombea akija na ahadi ya kisima kipya, msikilize mpaka amalize, kisha msomee orodha hiyo mbele ya watu na umuulize nani atabadilisha mpira wa pampu, kwa pesa ya kifungu gani, na ndani ya siku ngapi. Asiyeweza kujibu, usimpe kura yako.